Habari za Kupatikana kwa Namba ya Gerda

Sogeeni, mlio mezani na mlio mlangoni, wekeni vikombe chini mnisikilize, maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa siku nne ndani ya banda letu la mashine, hapa Nordby, Dakota Kaskazini, mwezi wa nane, ngano ikiwa imekwisha kupata rangi ya mkate. Hakufa mtu katika vita hivyo. Panya mmoja alihama. Lakini jasho lilimwagika, mafuta ya taa yakamwagika, na shati moja zuri nililompa Orvin siku ya Krismasi liliingia vitani likiwa la buluu, wala halikurudi tena katika rangi hiyo. Nanyi, brashi ya waya na tochi yenye betri dhaifu, mlioyaona yote kwa karibu kuliko mimi, nisaidieni nisikosee.

Kwanza mjueni shujaa. Ni Orvin mwana wa Tveit, mume wangu kwa miaka hamsini na sita, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, mshinda theluji, bwana wa spana kubwa na ndogo, mtu wa maneno machache kiasi kwamba siku aliponiposa alisema, "Nadhani ingefaa," nami nikalazimika kuuliza ni nini kingefaa. Kisha mjueni farasi wake wa chuma. Ni Gerda, pikapu ya kijani ambayo baba mkwe aliinunua mwaka wa hamsini na tatu, ikapewa jina la shangazi yao, kwa kuwa naye hakuwa mtu wa kuamka asubuhi bila kusukumwa.

Na chanzo cha vita ni hiki. Daktari wa macho alimwambia Orvin kwamba mwaka ukigeuka asishike tena usukani. Orvin akajibu, "Haya." Tukarudi nyumbani, akala, akalala, na baada ya wiki moja nikamwona anafungua milango ya banda ambamo Gerda alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja bila kuliona jua. Wiki mbili baadaye Gerda akanguruma. Hapo ndipo mzee aliponiambia alichokitaka. Jumamosi shamba letu, ambalo siku hizi tunamkodisha mtu mwingine, lingevunwa. Alitaka mzigo mmoja tu wa ngano aupeleke mwenyewe kwa Gerda hadi ghala la mjini, maili nne, kwa barabara ileile aliyopelekea mzigo wake wa kwanza akiwa na miaka kumi na sita.

Lakini sheria ilikuwa imesimama njiani imeshika mkuki. Gari lililokaa muda mrefu hivyo halipewi kibao cha usajili mpaka askari wa kaunti aione kwa macho yake namba ya gari iliyogongwa kiwandani, kwenye chuma, na ilingane na iliyo kwenye kadi. Kadi tulikuwa nayo, ndani ya kopo langu la vifungo. Askari huja upande wetu Alhamisi moja tu kwa mwezi, na saa sita mchana huenda zake. Ya mwezi huo iliangukia wiki hiyohiyo ya mavuno. Namba isipoonekana Alhamisi hiyo, Jumamosi ngano ingebebwa na lori la mtu mwingine, na mwakani Orvin angekuwa abiria.

Basi Jumatatu, jua likiwa bado halijakausha umande, shujaa akafungua boneti kama mtu afunguaye lango la mji uliozingirwa. Akaipekua injini upande kwa upande. Akapata kiota cha panya, kalamu ya risasi ya marehemu baba yake na uma wangu niliokuwa nikiutafuta tangu watoto wakiwa wadogo. Namba hakuipata.

Jumanne akatandika boksi chini, akajitupa chali, akaingia uvunguni kwa Gerda, zikabaki nje buti mbili tu. Huko alipigana na matope ya serikali zilizopita. Kila baada ya muda sauti ilitoka chini ikisema, "Hmm," nami nikajua kwamba hali ni ngumu. Saa nne jirani yetu Milford Stensrud akaingia, kama anavyoingia kila siku saa nne, yeye asiyebisha hodi, mwenye miaka themanini na minane na kofia moja. Akanywa kahawa yake akiwa amesimama, akaziangalia zile buti.

"Kuna mtu humo?" akaniuliza.

"Yupo Orvin."

"Anafanya nini?"

"Anatafuta."

"Aa," Milford akasema, na kwa kuwa kwetu si adabu kumuuliza mtu anatafuta nini, akamaliza kahawa yake akaenda.

Jumatano, shujaa akaishambulia nguzo ya mlango wa dereva. Hapo palikuwa na tabaka tano za rangi, zote amezipaka mwenyewe, na zote zilikuwa za kijani, ila kila moja kijani chake. Akazivua moja moja kwa msasa, taratibu, kama mtu amenyaye yai la mgeni. Karibu na jua kuzama kikatokea kibati kidogo chenye namba. Akaingia jikoni akiwa mweusi hadi masikioni, akasimama wima kama mjumbe wa ushindi, akatangaza, "Tumepata, mama."

Nikamwambia nimefurahi. Kisha nikakumbuka jambo moja la zamani sana, na moyo ukanishuka. Lakini halikuwa jambo langu la kulisema, kwa hiyo nikamwongezea viazi.

Ikafika Alhamisi. Saa nne na robo gari la kaunti likaingia uani, akashuka Janelle Brekke, mbeba fomu, mlinzi wa barabara zote kutoka hapa hadi mtoni. Mimi nilimfundisha shule ya Jumapili, alikuwa akila gundi. Akanisalimia, akampa Orvin mkono bila kujali grisi, jambo ambalo nililiona. Milford alikuwa amekwisha kusimama pale na kikombe chake. Janelle akainama mlangoni, akasoma kibati. Akasoma kadi. Akarudia kibati.

"Mzee Orvin," akasema, "hizi namba ni ndugu, ila hawakuzaliwa na mama mmoja."

"Soma tena."

"Nimesoma mara mbili."

"Labda miwani yako."

"Sivai miwani, mzee."

Orvin akainama akasoma mwenyewe, akiwa amekisogeza kibati karibu na pua, au tuseme pua karibu na kibati. Akainuka polepole.

"Kabini hii yote ya dereva ni ya gari lingine," Janelle akasema kwa upole. "Ilitoka wapi?"

Orvin akaangalia buti zake. Milford akaangalia paa.

"Mzee, mimi sitaki kutaja neno wizi."

"Usilitaje basi."

"Silitaji. Ila fomu hii ina mahali pake pa kuliandika." Akamgeukia Milford. "Na wewe, mzee Milford? Unajua kabini hii ilitoka wapi?"

Milford akanywa kahawa. "Kabini ni kabini," akasema.

Nilimwangalia yule mzee, nikaona jinsi alivyokuwa tayari kusimama pale mpaka saa sita, mpaka jioni, mpaka baridi ianze, bila kufungua mdomo, kwa sababu aliombwa asiufungue. Nikamwangalia na Orvin, nikaona kwamba naye ameliona hilo. Janelle akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipotendwa tendo kubwa, kubwa kuliko kulala uvunguni, kubwa kuliko kuvua tabaka tano za kijani. Orvin mwana wa Tveit, ambaye nchi nzima ya Nordby inajua kwamba hajawahi hata mara moja kupata ajali, naye huwakumbusha watu hivyo kila mwaka barafu ya kwanza inapoanguka, akakohoa mara tatu, akasema:

"Niliipindua."

"Uliipindua nini?" Janelle akauliza.

"Gerda. Mwaka wa sitini na nne, kwenye mtaro wa kwa Milford. Nilikuwa naangalia bata bukini."

Hakuna aliyecheka. Paka alitoka nje.

"Kabini ikabonyea kama kopo. Mavuno yalibaki siku nne. Milford alikuwa na pikapu kama hii, injini yake imekufa. Akaja na kabini yake juu ya trela. Tukafanya kazi siku tatu, na ngano yake mwenyewe ilikuwa bado shambani." Nikadhani amemaliza, kwa kuwa hotuba ndefu kama hiyo sikuwahi kuisikia kwake tangu mwaka wa ukame. Lakini hakuwa amemaliza. "Hakutaka malipo. Nilimwomba asimwambie mtu, na hakumwambia mtu. Na mimi sikumwambia asante, maana ningesema asante, watu wangeuliza ya nini."

Akamgeukia jirani yake wa miaka yote.

"Asante, Milford."

Milford akakitazama kikombe chake kama mtu aliyeona nzi ndani yake. "Ile kabini ilikuwa inanijazia banda," akasema. Lakini alitoa kofia, akaikuna ile sehemu ya kichwa ambayo haina nywele, akairudisha, na kwa Milford hayo ni machozi.

Janelle akashusha kalamu. "Nimewaelewa wazee wangu. Lakini bado nahitaji namba ya kweli. Inapaswa kuwa kwenye chesisi. Bila hiyo siwezi kusaini, hata kama ni nyinyi."

"Nimeipekua chesisi yote," Orvin akasema. "Siku nzima."

"Namba ya chesisi?" Milford akauliza. "Hiyo ndiyo unayoitafuta tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

"Unajua ilipo?"

"Mimi ndiye niliyeifunika."

Akaweka kikombe juu ya tairi, akazunguka upande wa kulia wa Gerda taratibu kwa lile goti lake bovu, akaelekeza kidole nyuma ya gurudumu la mbele. Pale juu ya chuma cha chesisi palikuwa na kipande cha mpira wa tairi la ndani, kimezungushwa na kufungwa kwa waya, cheusi kwa vumbi kama kila kitu kilichokizunguka.

"Huo mpira ni wa kuzuia kelele," Orvin akasema.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nimeupita mara mia. Nikauacha kwa sababu ulionekana una kazi."

"Una kazi," Milford akasema. "Nilifikiri hivi. Kabini siyo yake. Siku moja mtu atakuja kuuliza, na mimi pengine sitakuwepo. Basi nikapaka grisi, nikafunga mpira, namba isiliwe na kutu."

Shujaa akapiga magoti. Mikono yake hutetemeka siku hizi, na Janelle akamshikia tochi, na mkono wake mwingine akauweka kwenye mlango karibu na kichwa cha mzee, asije akakigonga akiinuka. Waya ukakatika kwa koleo. Mpira ukabanduka. Chini yake grisi ilikuwa bado laini, ya manjano kama siagi iliyosahauliwa mezani. Orvin akaipangusa kwa pindo la lile shati lililokuwa la buluu, na hapo, mbele ya macho ya watu wanne, baada ya giza la miaka hamsini na miwili, zikatoka herufi na tarakimu, safi, kali, zinang'aa kana kwamba fundi amezigonga jana na nyundo bado imo mkononi mwake.

Janelle akazisoma moja moja, nami nikazifuata kwenye kadi kwa kidole, nikaitikia kila moja kama kanisani. Ya mwisho ilikuwa saba. Na kwenye kadi ilikuwa saba.

"Ndiyo yenyewe," Janelle akasema. Saa ilikuwa tano na dakika arobaini.

Akaandika akiwa ameegemea boneti. Kuhusu ile ajali akasema fomu haina mahali pa kuiandika, akamtazama Orvin, na Orvin akashusha pumzi. Lakini palikuwa na sehemu ya maelezo, na humo akaandika maneno matano, akatusomea: *Kabini ni zawadi ya jirani.*

"Andika kuukuu," Milford akasema. "Ilikuwa kuukuu."

"Nimekwisha kuandika, mzee."

Basi imo sasa katika majalada ya kaunti, kwa wino, na sahihi, na muhuri, na hakuna atakayeifuta. Wafalme wamepigana wakaandikwa kwa mengi yenye thamani ndogo kuliko hayo.

Janelle alipoondoka na vipande vinne vya keki nilivyomfungia, nilirudi bandani nikamkuta Orvin amepiga magoti tena. Alikuwa amechota grisi mpya kwa vidole, anaifunika ile namba, kisha akauzungusha mpira uleule na kuufunga kwa waya mpya.

"Nani ataitafuta tena?" nikamuuliza.

"Mtu," akasema.

Na Jumamosi, saa nane mchana, Gerda akaingia ghalani na mzigo wa ngano, kibao kipya nyuma, Orvin kwenye usukani na Milford pembeni yake, ndani ya kabini iliyokuwa yake zamani, amekishika kikombe kisimwagike. Walikwenda polepole hata magari tisa yakajipanga nyuma yao, na hakuna hata moja lililopiga honi. Bata bukini walipita juu. Mume wangu hakuwatazama. Mtu wa ghala akatoka na karatasi yake, akauliza safari ilikuwaje.

Orvin akafikiri. Akamtazama Milford, naye Milford akaridhia kwa kichwa.

"Haikuwa mbaya," akasema.