Vuai na Mdukuzi Aliyetubu

Siku Vuai Ahmada alipoiona bahati yake, ilikuwa imekaa kwenye meza ya dirishani, mgahawani kwa Nahla, pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko China, ikila biriani na kugombana.

Upande mmoja wa meza alikaa Elinami, mfanyabiashara wa mikoba kutoka Moshi, mtu wa makamo anayeongea kama anayehutubia harusi hata akiomba chumvi. Upande wa pili alikaa Bi Mwanakhamis wa Unguja, anayepeleka jinzi Darajani kwa kontena na ambaye hajawahi kushindwa ubishi tangu azaliwe. Katikati yao palikuwa na simu yenye habari kutoka nyumbani: vijana watatu wa chuo wamefungwa miaka saba kila mmoja kwa kudukua mtambo wa kampuni ya kutuma pesa.

"Saba ni michache," alisema Elinami. "Ningekuwa hakimu mimi, wangetoka humo na mvi. Juzi juzi hapa mtu kaingia kwenye barua pepe ya saplaya wangu, kabadilisha namba ya akaunti, nikalipia mikoba kwa mtu nisiyemjua. Mpaka leo sijui nilimlipa nani. Saba?"

"Na ishirini itakurudishia mikoba?" aliuliza Bi Mwanakhamis. "Wale watoto, Elinami. Mtoto ana akili ya kufungua mtambo mzima, weye unamtia ndani akapalilie mchicha wa bwana jela. Mpe kazi, mpe mshahara, aulinde huo mtambo."

"Kwa hiyo mwizi wa kuku naye tumkabidhi banda."

"Kama mtaa mzima hakuna mwengine anayekijua kitasa, mkabidhi."

Meza za jirani zilianza kuchagua upande. Wanafunzi waliokuja kwa ufadhili walikuwa na Bi Mwanakhamis, maana kila mmoja alikuwa na rafiki ambaye angeweza kuwa yule kijana. Wafanyabiashara walikuwa na Elinami, maana kila mmoja alikuwa na akaunti. Lakini Vuai aliona jambo jingine. Kila mtu alipomaliza kutoa hukumu yake, alinyoosha mkono taratibu na kuigeuza simu yake kifudifudi, kama anayefunika chungu ili nzi wasiingie. Wenye huruma na wasio na huruma, wote walifunika.

Maneno ya watu hayakuwahi kumpa Vuai chakula. Mikono ya watu, naam. Mkono unaofunika simu ni mkono wenye hofu, na mtu mwenye hofu, kwa hesabu za Vuai, ni mteja ambaye hajaambiwa tu anataka kununua nini.

Inafaa tumjue kidogo. Vuai hakuwa na ofisi Tianxiu Dasha, lile jengo la biashara hapo mtaani, lakini hakukuwa na ofisi mle ndani ambayo hakuwahi kukalia kiti chake. Mwenye chumba akienda kiwandani, Vuai huingia, hujitandaza nyuma ya meza, hupiga picha na kumtumia mkewe Unguja. Mkewe aliamini mumewe ana ofisi kubwa, na kwamba ana maradhi ya kubadilisha samani. Kazi yake hasa ilikuwa kusimama katikati ya watu wawili wanaotaka kuonana na kuhakikisha hawaonani. Wenye heshima huiita udalali. Lakini usiku usingizi ukikataa, mtu huyu hakuwaza gari wala majumba. Aliwaza mlango mmoja tu wenye kibao chenye jina lake, ili apige picha moja ya kweli kabla mkewe hajaja kutembea.

Basi alipanda basi hadi Shiling, mji ambao mtoto mdogo anaweza kukutofautishia ngozi na plastiki kwa kunusa. Kwa laoban mmoja, tajiri wa kiwanda kidogo cha mikoba, palikuwa na vifuko vya simu vilivyokosa mnunuzi, rangi yake kama samli iliyochacha. Vuai aliomba ndani vishonewe jaribosi, ile karatasi ya fedha ya kuokea kuku. Laoban aliuliza ni za nini. Vuai alionyesha simu, akaonyesha mwizi kwa vidole, kisha akasema neno la kwanza analojifunza kila mgeni sokoni: "Meyou." Hakuna. Laoban alicheka mpaka akakaa, akampunguzia bei bila kuombwa.

Kifuko kilifanya kazi, na hilo ndilo lililomshangaza Vuai mwenyewe. Simu ikiingia humo mtandao unakatika kabisa. Hakuna mdukuzi duniani angeweza kuifikia. Hakuna mtu mwingine yeyote angeweza pia, lakini mfanyabiashara mzuri hataji faida zote kwa mkupuo.

Kilichobaki kilikuwa shahidi, kwa sababu dawa bila shahidi ni majani tu. Hapo ndipo alipomkumbuka Lucas.

Lucas alikuwa kijana wa bara mwenye sauti ya chini, aliyefunga mizigo kwa ajenti mmoja wa kusafirisha makasha pale pale Tianxiu. Kila mtu alijua amewahi kufungwa, kwa sababu alilitaja mwenyewe anapojitambulisha, kama wengine wanavyotaja kabila. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia kwenye kompyuta za chuo chake na kurekebisha alama zake na za wenzake. Walikamatwa kwa sababu mmoja wao alipata A kwenye somo ambalo hakuwa amejiandikisha. Hakimu alitaka adhabu iwe fundisho kwa vijana wote wa taifa, akampa miaka minne.

"Sikwambii useme uongo, mdogo wangu," Vuai alimwambia. "Wewe ulikuwa mdukuzi?"

"Nilikuwa."

"Ulifungwa?"

"Nilifungwa, mzee."

"Simu ikiwa ndani ya hiki kifuko, unaweza kuiingilia?"

Lucas alikichungulia kifuko kwa muda. "Ikiwa humu hata mzazi wake hawezi kuipigia."

"Basi. Utayasema hayo hayo mbele za watu, na mimi nitakukumbuka."

"Nitasema," alijibu Lucas. "Ila simu ya mtu sigusi, wala kompyuta. Niliapa siku niliyotoka."

Vuai alimsifu sana kwa msimamo huo. Kisha akaenda pembeni akabadilisha nywila zake zote, akaitia simu yake ndani ya kifuko, maana aliamini kiapo cha mwizi kama wezi wanavyoviamini viapo vyao.

Ijumaa baada ya swala mgahawa wa Nahla ulijaa. Vuai alieleza hatari ya ulimwengu wa leo kwa huzuni ya mtu anayesoma wasia, akaitia simu ya Elinami kifukoni, akaomba apigiwe. Kimya. Watu walikisikiliza kile kimya kwa heshima. Kisha Lucas akasimama, akasema mambo yake yote bila kuongeza chumvi.

Elinami alinyanyua kidole. "Kijana, sema ukweli. Jela ilikubadilisha?"

"Sana, mzee. Nilitoka mtu mwingine."

"Mnasikia?" Elinami aliwageukia watu.

"Ulifungwa una umri gani, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Kumi na tisa."

"Na alama tu?"

"Alama tu, mama. Nami nilikuwa nimejipa B, sikuwa na tamaa."

"Mnasikia?" alisema Bi Mwanakhamis.

Kila upande ukaona umeshinda, na hakuna anayenunua haraka kama mtu aliyeshinda ubishi. Elinami alichukua vifuko vya wafanyakazi wake wote ili kuwakomoa wadukuzi. Bi Mwanakhamis alichukua vingi zaidi, akasema anamsaidia kijana. Wanafunzi walichanga wakanunua kwa zamu. Vuai alirudi Shiling, akarudi tena, na mara ya tatu laoban alimpokea kwa chai.

Siku moja wakati wa mchana, wakifunga mzigo wa vifuko, Lucas aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Mzee, mapato umeyaweka wapi?"

"Kwenye simu. Wapi kwingine, China hii?"

Alimtazama Vuai kama daktari anayetazama majibu ya vipimo, kisha akaendelea kufunga kamba.

"Unanyamaza nini?"

"Si kitu, mzee. Ila niliofungwa nao wengine wametoka. Na sisi tumeutangazia mji mzima kwamba Vuai anauza na vinauzika."

"Simu yangu iko kwenye kifuko."

"Kile kifuko, mzee, unakijua wewe kuliko mimi. Na ukitaka kulipa si lazima uitoe?"

Mchana ule Vuai hakula. Aliyekuwa akiuza hofu kwa jumla na rejareja sasa aliletewa ya kwake nyumbani. Kila simu ilipotoka kwenye kifuko aliitazama kama jeraha. Kesho yake alimfuata Lucas mwenyewe.

"Sasa nifanyeje?"

"Pesa ya kwenye simu ni namba, na namba huchezewa," alisema Lucas. "Robota la jinzi halidukuliwi. Nenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, nunua mzigo, upeleke Dar, uuze, urudi na mtaji wa ofisi. Ndivyo ningefanya ningekuwa na baba aliyenishauri."

Lile neno ofisi lilimwingia Vuai kifuani likatafuta kiti. Alikwenda Xintang siku hiyo hiyo, akanunua marobota mpaka pesa ikakauka. Kwa ajenti, akiwa na kalamu mkononi, akaulizwa jina la mpokeaji kule Dar.

"Weka lako, mzee," alisema Lucas. "Watu wakianza kulalamika kuhusu vifuko wataliona jina, watauzuia mzigo bandarini. Lakini mali ni yako, na haki ni haki. Weka lako."

Vuai aliishusha kalamu. "Tuweke lako."

"Hapana. Mimi mtu niliyetoka jela sitaki mali ya mtu kwa jina langu. Hapana kabisa."

"Mdogo wangu, nisaidie."

"Nitaonekana mwizi."

"Nani atakuona mwizi, wewe mtu wa Mungu?"

Vuai alimbembeleza mpaka jioni. Alimnunulia chakula, akamtajia marehemu wazazi wake. Mwishowe Lucas alikubali kwa shingo upande, kwa sharti moja: asingetaka mali ya watu ikae bandarini bila mwangalizi, kwa hiyo akatiwe tiketi ya ndege aende kuipokea mwenyewe. Vuai alikopa nauli akalipa, akamsindikiza hadi uwanja wa ndege, na hata akatokwa na machozi kidogo alipoagana naye, ya kweli.

Mzigo ulikuwa bado baharini Bi Mwanakhamis alipomkamata Vuai kwenye lifti ya Tianxiu. Kiwanda cha Xintang kilikuwa kimempigia mama huyo mchana kutwa kumwambia kwamba jinzi alizoagiza zimekwisha, je, wapakie nyingine? Simu ilikuwa kifukoni, salama salimini. Kiwanda kilichukua kimya kuwa ndiyo. Kontena lilikwenda Unguja limejaa suruali za watoto wa chekechea.

"Vuai," alisema kwa upole uliomtisha, "mie sikupeleki polisi. Mie nakwenda kumpigia mkeo nimuulize hiyo ofisi iko ghorofa gani."

Wakakubaliana pale pale ndani ya lifti. Vuai angebeba marobota ya Bi Mwanakhamis huko Xintang bila ujira mpaka mama huyo ajisikie kusamehe, na hakusema hali hiyo ingemjia lini. Vuai hakujali sana. Mzigo wake ulikuwa njiani.

Mzigo ulifika Dar. Lucas hakupiga simu. Vuai alipiga yeye, mara nyingi, na siku moja ikapokelewa.

"Mzee, habari za huko?"

"Lucas, mzigo wangu uko wapi?"

"Umeuzika vizuri. Ulichagua jinzi nzuri, mzee, una jicho."

Vuai aliketi juu ya robota. Wabebaji wenzake Wachina walimpita wakimtaka apishe. "Umeniibia," alisema.

"Tumia maneno vizuri. Simu yako niliigusa? Nywila yako ninaijua? Jina langu uliliandika kwa mkono wako, nami nilikukataza."

"Kumbe kutubu kwako kote ni uongo."

"Hapana, mzee, hilo usiseme." Sauti ya Lucas ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mimi naingia jela nilikuwa sijui hata kumwangalia mtu usoni. Nilijua kompyuta tu. Wakaniweka na watu wazima. Mmoja aliuza kiwanja cha kanisa, tena alikiuza kwa kanisa jingine. Mwingine aliuza ng'ombe wa jeshi. Kompyuta hazikuwepo, mzee, na jioni ni ndefu. Tulikuwa tunaongea. Miaka minne wale wazee walinifundisha kama mtoto wao, bure, serikali inatulisha."

Vuai aliinuka juu ya robota akawapisha wabebaji, simu ikiwa bado sikioni.

"Hakimu alitaka niache udukuzi," alimalizia Lucas. "Nimeuacha kabisa. Salamu kwa wote hapo kwa Nahla." Na simu ikakatika.

Ijumaa iliyofuata Vuai aliingia mgahawani akiwa na vumbi la bluu la jinzi mpaka kwenye nyusi. Mezani walikuwa wamefika mbali: kijana mwingine wa nyumbani amekamatwa, huyu kwa kudukua tovuti ya halmashauri, na Elinami alikuwa anampa kumi na tano.

"Vuai atuamue," alisema Bi Mwanakhamis, akimsogezea kiti na sahani, maana mbebaji wake alihitaji nguvu za kesho. "Weye umekaa na yule kijana. Sema basi. Jela inawafundisha?"

Vuai aliosha mikono bila haraka, akavuta sahani.

"Inawafundisha sana," alisema. "Inategemea tu umelala selo moja na nani."