Ombi la Kurudishiwa Kazi ya Kumsemea Ndugu Yangu

Lucky Summer,
mlango wa nne kutoka dukani kwa Mama Hibo,
Nairobi.
Tarehe 14 Machi 1999.

Kwa Mabwana na Mabibi Mlioandika Programu ya Kuongea,

KUH: KUMSEMEA NDUGU YANGU MULAMA

Natumaini barua hii itawakuta wazima huko mliko, ambako mimi sikujui. Anwani nimepewa na Mwalimu Lenah wa kituo cha walemavu kule Buruburu. Alisema imo ndani ya programu yenyewe, pamoja na maneno kwamba mwenye malalamiko awaandikie. Mimi ninayo. Najua hamsomi Kiswahili, lakini kwa kuwa programu yenu inakisema vibaya, ni haki nanyi mkisome vibaya.

Jina langu ni Kweyu, kibarua katika kiwanda cha mitungi ya plastiki hapa Baba Dogo. Shule niliacha nikiwa darasa la sita. Ndugu yangu mkubwa, Mulama, alizaliwa na mwili usiomtii: mikono huenda inakotaka yenyewe, na sauti hutoka bila maneno. Masikio na akili anavyo kunizidi. Hata kusoma alijifunza kwa kuketi kando yangu nikifanya kazi za shule, na alipoelewa yeye kabla yangu sikuwaambia watu. Tangu nikiwa na miaka mitano, kazi ya kumsemea ilikuwa yangu. Akiguna, mimi ndiye nilijua amesema nini. Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyenipinga, hata Mulama mwenyewe.

Mwaka jana Mwalimu Lenah alituletea kompyuta kuukuu na diski zenu nne. Herufi huwaka kwenye skrini mstari kwa mstari, na ikifika ile anayoitaka, Mulama hugusa swichi kwa shavu. Akimaliza sentensi, kompyuta huisema kwa sauti. Tangu siku hiyo sina amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sauti. Mmempa Mluhya sauti ya mzungu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ya leo. Mara ya kwanza iliposikika, majirani walibadilisha nguo wakaja kusimama mlangoni, wakidhani amefika mfadhili. Walimkuta Mulama akiomba chumvi.

2. Firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Miaka yote kuku alipopakuliwa, Mulama aliguna, nami nikatafsiri kwamba amesema apewe Kweyu kwa sababu Kweyu hubeba mizigo. Niliila kwa heshima zote. Basi siku ya kuwasha kompyuta, Mwalimu Lenah alikuja na leso mkononi, tayari kwa machozi, kwa kuwa mtu wa miaka thelathini na sita alikuwa anakaribia kusema sentensi yake ya kwanza duniani. Shavu likafanya kazi dakika kumi na moja. Kompyuta ikasema: "Kweyu, firigisi ni yangu." Triza, mke wangu, alicheka mpaka akakalia sufuria.

3. Kanisa. Kila Jumapili ya ushuhuda nilikuwa nasimama kando ya Mulama na kumtafsiria. Yeye aliguna mara moja, mimi nikatoa dakika ishirini. Watu walilia, na Mchungaji Mbuthia hakuwahi kutuacha tuondoke mikono mitupu. Mwezi uliopita kompyuta ilipelekwa kanisani kwa mkokoteni. Mulama alisema: "Bwana asifiwe. Nguo mlizonichangia hazinitoshi. Zinamtosha Kweyu." Akaishia hapo. Nawauliza nyinyi watu wazima, huo ni ushuhuda wa kumjenga nani?

4. Mama Hibo. Huyu ni mwenye duka, mama wa heshima. Zamani aliniuliza mimi hali ya mgonjwa, nami nilimjibu kwa kirefu huku nikiegemea kaunta. Siku hizi mchana duka likipoa anaingia kwetu moja kwa moja kupiga soga na Mulama, na anamngoja kila herufi kama mtu anayengoja chai ichemke. Juzi aliniambia, "Baba Lorine, kumbe ndugu yako ana maneno mengi hivi. Wewe ulikuwa unayaweka wapi?" Nilinunua kiberiti nikaenda zangu.

5. Ubure. Hapa ndipo mlipokosea zaidi. Mwalimu Lenah anasema programu hii hamkuiuza wala hamkuifunga. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ndani, kurekebisha asichokipenda na kumpa mwingine. Kitu chenye uwezo wa kuvuruga nyumba ya watu hakigawiwi namna hiyo. Hata hivyo niliamua kufuata sheria yenu. Nilimwomba mwalimu aingize rekebisho moja dogo tu, kwamba sentensi yoyote yenye jina Kweyu ipitie kwangu kwanza niitazame. Alinijibu kwa upole kwamba nina haki kamili ya kufanya hivyo mwenyewe, akanipa rundo la karatasi zenye matumbo yote ya programu. Nimezikodolea macho Jumamosi mbili. Sikuona mahali palipoandikwa Mulama. Akaongeza kwamba hata nikifaulu kuiharibu yangu, Mulama ana haki ya kuchukua nyingine iliyo nzima. Ni uhuru gani huu wa kupewa kila mtu, mpaka ndugu yangu?

6. Ndoa yangu. Kwetu, upande wa Butere, mdogo haoi kabla ya mkubwa mpaka mkubwa atamke mbele ya wazee kwamba amemruhusu ampite. Nilipotaka kumwoa Triza, wazee walikaa wakamwuliza Mulama. Mulama akakohoa. Nikatafsiri kwamba amesema niende, tena haraka. Wazee wakaridhika, tukala. Sasa Januari baba mdogo alikuja kututembelea, na katika kuifurahia kompyuta akamwuliza Mulama kama anaikumbuka siku ile. Shavu likaenda, likaenda. Kompyuta ikasema: "Sikumbuki kutoa ruhusa." Baba mdogo aliweka kikombe chini. Amerudi nyumbani na habari hiyo, na wazee wanataka jambo lirudiwe upya. Nina watoto wawili na mke ambaye, kwa mujibu wa programu yenu, sijaruhusiwa kumwoa. Triza naye ameanza kuniita mgeni. Jioni ananiuliza kama nimekuja kuwaona akina nani.

7. Fomu. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Kituo kinamtaka Mulama ahamie Buruburu, alale huko na kuwafundisha wenzake kuitumia programu. Kuna fomu ya kutiwa sahihi na mlezi. Mlezi ni mimi, ingawa yeye ndiye mkubwa. Fomu iko chini ya godoro langu wiki ya tatu sasa. Mulama anajua iliko, kwa sababu aliniona nikiiweka. Ameniambia: "Tia sahihi, nami nitajaribu kukumbuka."

Wakubwa, nimemlisha huyu mtu, nimemwogesha, nimembeba mgongoni mwangu mpaka mgongo ukachukua umbo lake. Nikitoka kiwandani nimekwisha, niko mbali na kwetu, ni yeye tu niliyekuwa nikimweleza taabu zangu zote, naye akinisikiliza bila kunijibu. Sasa anajibu, na jibu lenyewe ni kwamba anaondoka.

Kwa hiyo naomba hivi. Programu ifungwe, na ufunguo apewe mtu mwenye familia. Kama haiwezi kufungwa, iuzwe ghali, tuikose sote kwa usawa. Kama hilo nalo haliwezekani, basi iwe inachoka saa za jioni kama watu wengine, ili nami nipate nafasi ya kutafsiri kidogo.

Wasalimieni wake zenu na waume zenu, na wazee waliowalea. Mwalimu Lenah anawasalimu, Triza anawasalimu kutoka nyumba ambayo si yake bado, Lorine na mdogo wake wanawasalimu pia. Na yule bwana aliyewaazima sauti yake, mwambieni anywe maji.

Ni mimi, niliyekuwa mdomo wa mtu,

Kweyu.

Tanbihi: Nimemshikia Mulama barua hii aisome kabla sijaifunga, kwa sababu maneno makubwa hunisumbua na yeye huyajua. Ameisoma yote bila kurekebisha kitu. Kisha akaanza kugusa swichi, nami nikangoja kama Mama Hibo. Kompyuta ikasema: "Waambie pia swichi ilitengenezwa na nani."

Basi, niliitengeneza mimi. Ile iliyokuja na kompyuta ilikuwa ngumu, ikamchubua shavu, na hilo sikuweza kulitazama. Nilichukua kitufe cha kengele ya mlango, kifuniko cha mtungi uliokataliwa kiwandani na kipande cha sponji ya godoro. Inagusika kwa wepesi na haiumizi. Wenzake kituoni waliiona wakaitaka, nimewatengenezea saba. Mwalimu Lenah ameichora, na mchoro uko ndani ya bahasha hii. Mtu yeyote auchukue, aubadilishe kama anajua zaidi, ampe na mwingine. Msimuuzie mtu.

Fomu nimeitoa chini ya godoro nikatia sahihi. Jumamosi nitambeba mimi mwenyewe mpaka Buruburu, mkokoteni utabeba kompyuta. Kwa hiyo programu msiifunge. Na ile sauti iacheni ilivyo, watoto wamekwisha kuizoea na wakiisikia wanajua ni baba yao mkubwa.

Mulama sasa amekumbuka. Anasema kile kikohozi mbele ya wazee kilikuwa ruhusa kamili, nami nilikitafsiri sawasawa. Anasema ndiyo mara pekee.