Tuba la Mzee Bartholomeo

Alhamisi, 5 Septemba
Mwalimu Isidori, kiongozi wa bendi ya parokia, kanichagua mimi niende Madaba kukagua tuba la zamani, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, analouza Mzee Bartholomeo. Sababu: ni mimi peke yangu niliyesoma kitabu cha vyombo vya kupuliza. Mara mbili. Tuba likiwa zima, nitalipiga mimi siku ya mtakatifu somo wa parokia. Likiwa bovu, nabaki na matoazi. Miaka miwili ya matoazi inatosha. Ramson kasema mbele ya wote kwamba mimi nikitumwa kuku nitarudi na bundi. Jibu lilinijia saa mbili baadaye, zuri sana. Nimeliandika nyuma ya daftari.

Jumamosi, 7 Septemba
Madaba. Shikamoo, marahaba, karibu. Nikatoa orodha yangu ya maswali kumi na nane. Vitufe vitatu vya vidole: vinashuka na kupanda bila kukwama. Mabomba: yamebonyea mahali pawili, kidogo. Viungo: havina ufa, nimevipitishia kidole vyote. Pale pana panapotokea sauti pamesokomezwa kitenge kuukuu. Cha kuzuia vumbi. Ishara ya mwenye mali mwangalifu. Uzito: mkubwa ajabu. Shaba ya zamani haikubaniwa. Hapo nimeweka alama za juu kabisa.

Swali la kumi na nane lilikuwa kupuliza. Lakini nyumba ya pili kuna matanga, na mke wa Mzee, Bibi Benigna, yuko huko anapika tangu juzi. Nani apulize tuba msibani? Mzee aliniuliza taratibu kama ni lazima leo. Nikamwambia si lazima, mjuzi hutambua kwa macho. Kusema kweli, hata pasingekuwa na msiba ningeona haya. Nikamkabidhi bahasha ya pesa aliyonipa Mwalimu.

Kwenye basi, tuba likiwa limefungwa shuka, konda kaniuliza kama huyo mgonjwa wangu atalipa nauli.

Jumapili, 8 Septemba
Mazoezi baada ya misa ya pili. Nikasoma ripoti, kurasa nne. Makofi. Nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena mpaka nikaona nyota. Ramson akasema labda tuba nalo bado liko matangani. Hata Mwalimu alicheka.

Nikaeleza kwamba shaba ya miaka mingi huhitaji kupashwa moto kwa pumzi. Ramson hakungoja. Akachomoa kitenge, akalipindua. Maharage! Nusu debe, pamoja na majivu yake, yakatawanyika mpaka chini ya mabenchi ya kwaya ya akina mama. Kisha akapuliza yeye. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Mwalimu akafumba macho kwa raha, akasema tuba limepata mtu wake.

Mtu wake ni Ramson.

Jumatatu, 9 Septemba
Mzee kampigia simu Mwalimu. Bibi Benigna karudi kutoka matangani, kakuta mbegu zake za msimu zimeuzwa pamoja na tuba. Huzihifadhi humo kila mwaka ili panya wasizifikie. Mzee hajapikiwa tangu jana.

Nikipima kwa haki, ripoti yangu ilikuwa sahihi. Tuba ni zima. Maharage hayakuwemo kwenye orodha tu. Nimeongeza swali la kumi na tisa: je, kuna maharage?

Jumamosi, 14 Septemba
Madaba tena, kurudisha mbegu. Bibi Benigna alizitazama, akanitazama, akanipa togwa. Mzee kanionyesha kinanda cha kukanyaga kwa miguu ndipo kitoe sauti. Anakiuza. Nimekikagua saa nzima. Mbao nzima, funguo zote zipo. Maharage hakuna, nimeuliza. Kukipiga sikukipiga, Mzee alikuwa kasinzia kitini, singeweza kumwamsha. Nimemwachia ujumbe kwamba bendi inakichukua.

Siku ya somo bendi huandamana kutoka kanisani hadi stendi na kurudi. Watahitajika watu wanne wa kukibeba kinanda, na mimi wa kukikanyaga huku nikitembea. Wanne nimeshawaandika, wa kwanza Ramson. Hilo la kukanyaga lazima lipo kwenye kitabu.