Shukrani kwa Nafuu ya Jua

Jumatatu, 2 Februari 1987

Baridi ya kukata masikio leo asubuhi. Nimeoga maji moto. Sikuwasha kuni, sikuwasha stima. Jua la jana ndilo lililoniogesha leo! Miezi mitatu sasa na bado sijazoea. Kila nikifungua bomba nasimama kwanza nikiyatazama yale maji yakitoa mvuke, ndipo naoga. Perez, mke wangu, hunigongea mlango akiuliza kama nimelala humo ndani.

Furaha iliishia getini. Notisi mpya kwenye ubao wa Kampuni.

Naeleza, asije mjukuu wangu akasoma haya asielewe. Nyumba zetu arobaini tulizinunua kutoka kwa Kampuni ya mbao tuliyoitumikia. Mimi nilikuwa karani wa stoo miaka ishirini na sita. Stima inatoka kwenye jenereta ya kiwanda. Kila nyumba ina uniti ishirini kwa mwezi. Zikiisha, fundi anakuja kutoa fyuzi, hata kama umeshika pasi mkononi. Lakini mwaka jana Kampuni ilitangaza kwamba atakayeweka tangi la jua juu ya paa, asichemshe tena maji kwa stima, ataongezewa uniti arobaini. Wakaiita nafuu. Nyumba kumi na saba tukaweka. Mimi wa kwanza! Jirani yangu Mwalimu Kimeli anadai ni yeye. Tangi lake lilifika siku moja baada ya langu. Ni kubwa kuliko langu kwa lita hamsini tu.

Notisi inasema kuanzia mwezi wa tatu nafuu itapunguzwa kutoka arobaini hadi kumi. Sahihi ni ya Walubengo, Meneja mpya. Ana wiki tatu tu hapa Eldoret.

Nimeisoma mara nne. Kisha nikamkumbuka Perez. Mtamba wake nilimuuza mimi, nikanunua hili tangi. Nilimwahidi kwamba nafuu itaendesha mashine ya kuangulia vifaranga, na vifaranga vitarudisha mtamba. Mashine iko chumba cha nyuma sasa hivi. Mayai sitini ndani, leo siku ya tisa. Sijamwambia.

Jumanne, 3 Februari

Perez alikuwa anajua tangu jana. Mtaa huu! Aliniuliza swali moja tu, kwamba mashine yake itakula nini. Nikamwambia aniachie mimi. Akaenda kugeuza mayai. Ningependa angenigombeza.

Nikaenda kwa Mwalimu Kimeli. Nikamwambia wenye matangi tuitane, tupinge. Mwalimu alifunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Kupinga ni neno la watu wanaotafutwa, Obiero," akasema.

Akanieleza habari za mtu wa Turbo aliyepinga josho la ng'ombe kuhamishwa. Josho tu! Aliulizwa siku tatu nani amemtuma. Tena watu kumi na saba wakikaa pamoja ni mkutano, na mkutano unataka kibali. Chai ikapoa.

Ndipo wazo likashuka. Ujumbe wa kushukuru hauhitaji kibali! Nani amewahi kukamatwa kwa kushukuru? Wakubwa wote wanaletewa shukrani, na kwaya, na zawadi. Sisi tutamshukuru Meneja kwa nafuu mpaka aone haya kuikata. Tutapinga bila kupinga. Nilipolisema kwa sauti nilisisimka mwili mzima. Sijui akili kama hii ilikuwa imekaa wapi miaka yote ile stoo.

Mwalimu atasema ni wazo lake. Nimeliandika hapa, na tarehe iko juu.

Alhamisi, 5 Februari

Barua imekamilika. Siku mbili za jasho!

Niliandika, "Tunashukuru kwa uniti arobaini na tunaomba ziendelee." Mwalimu akatoa kalamu yake nyekundu ya shuleni. Akafuta arobaini. Kutaja tarakimu ni kudai, akasema. Akafuta na neno "tunaomba." Nikabishana naye, nikashindwa. Alifundisha miaka thelathini na bado anakutazama kana kwamba umechelewa kengele.

Lakini methali niliongeza mimi mwenyewe, naye akainamisha kichwa kwa heshima. Sasa barua inasomeka hivi: "Sisi wenye matangi ya jua tunakushukuru kwa moyo wote kwa nafuu uliyotutangazia. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru. Tuko nyuma yako."

Nimeisoma mara kumi. Nashangaa ni mimi. Hakuna neno hata moja la kumkwaza mtu, lakini ndani yake mna simba.

Nikamsomea Perez akigeuza mayai. Akauliza ni wapi barua inaposema hatutaki nafuu ikatwe. Nikacheka. Nikamwambia pamejificha. Akasema pamejificha vizuri sana.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tulifika ofisini saa tatu. Nyumba zote kumi na saba, wanaume kwa suti. Jepkemboi, mke wa Mwalimu, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Mimi nimebeba jogoo wa Perez, ambaye Perez hakuambiwa. Kina mama wa kanisa wakaimba beti nne. Kulikuwa na shida kidogo kuhusu nani asome. Mwalimu alishika barua upande wa kulia, mimi upande wa kushoto, hakuna aliyeachia. Tukaisoma pamoja. Mimi nilimaliza kwanza.

Meneja Walubengo ni mtu mnene, mpole, mwenye viatu vilivyochoka. Alisikiliza akiwa amesimama. Tulipofika "tuko nyuma yako" alitoa kitambaa akafuta macho. Machozi, kabisa! Nikamgusa Mwalimu kwa kiwiko.

"Wazee wangu," akasema, "nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Nimepunguza vitu vingi vya watu. Hakuna aliyewahi kunishukuru."

Hata jogoo alitulia. Meneja akasema methali ile imemfundisha kitu. Alikuwa amehofia kwamba kumi ni kidogo mno, usiku hakulala. Sasa anaona watu wa aina yetu hata hizo kumi hatuzihitaji, afadhali ziende kuendesha msumeno wa tatu. Wala hapana haja ya kungoja mwezi wa tatu. Nafuu itaondoka yote, kuanzia Jumatatu. Na barua yetu itawekwa kwenye fremu.

Kina mama, waliosikia tu sauti nzuri, wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi. Mikono yangu ilitangulia masikio.

Jogoo amebaki kwake.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani sikuweza kuimba. Perez aliimba, tena kwa nguvu, akitazama mbele.

Baada ya ibada Mwalimu alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba methali yangu ndiyo iliyotumaliza. Nikamnong'oneza kwamba ni kalamu yake nyekundu. Kama arobaini ingekuwepo Meneja angejua tunashukuru kwa ipi! Tulinong'onezana mpaka mchungaji akaja kuuliza kama tunaombeana.

Mita yetu inasoma uniti kumi na sita tangu mwezi uanze. Bila nafuu, zimebaki nne. Mayai yanataka siku sita bado.

Jumanne, 10 Februari

Mpango mpya. Fundi asipoiona mita, ataisomaje? Nimesukuma kabati la vyombo mpaka likaiziba kabisa. Kazi safi. Mgongo unauma lakini moyo umetulia.

Jumatano, 11 Februari

Fundi alikuja saa nne. Kijana mwenye adabu. Aliuliza mita iko wapi, nikasema sikumbuki. Akasema ni nyuma ya kabati, maana nyumba zote zimejengwa sawa. Akaniomba nimsaidie kulisogeza. Nikamsaidia! Ningefanya nini, alikuwa ameshashika upande mmoja.

Uniti ishirini na mbili. Akatoa fyuzi, akaiweka mfukoni, akatutakia siku njema.

Taa ndogo nyekundu ya mashine ikazimika. Siku ya kumi na nane. Perez aliweka kiganja juu ya kioo cha mashine, akakiacha hapo. Ndani ya mayai vifaranga vimeshaumbika, alinionyesha juzi kwa tochi, vinacheza humo. Mdomo wake ulitetemeka. Miaka thelathini na mmoja tumeoana, nimeuona ukitetemeka mara mbili tu, na ya kwanza ilikuwa msibani. Ni mimi niliyeuza mtamba. Nilitaka kusema hivyo. Badala yake nikasema nitaiandikia ofisi leo leo.

"Baba Akello," akasema, "usiandike kitu."

Kisha akachukua chupa nne za soda na taulo, akaenda bafuni. Akafungua bomba la tangi. Akajaza chupa maji moto, akazifunga kwa taulo, akazipanga kati ya mayai. Akatia kipimajoto. Akangoja. Mshale mwekundu, uliokuwa umeanza kushuka, ukasimama. Ukaanza kupanda.

Nilivua kofia. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nikavua kofia.

Alhamisi, 12 Februari

Tangi letu halitoshi kwa saa zote ishirini na nne. Mimi ningekaa chini nifikirie. Perez alizunguka mtaa jana jioni akisema maneno machache tu kila mlango. Leo nilipofungua mlango alfajiri nikakuta themosi barazani. Za maua, za mistari, moja ya bluu ambayo kifuniko chake ni kikombe cha plastiki. Nikazihesabu. Kumi na sita, moja kutoka kila nyumba nyingine yenye tangi, zote zimejaa maji ya jua. Jepkemboi alikuwa anaweka yake, akasema watapokezana kila baada ya saa tatu mpaka vifaranga vitoke. Hakuna barua iliyoandikwa. Hakuna aliyeimba.

Nikaanza kuziingiza ndani, mbili mbili.

Mwalimu alikuja mwenyewe na debe zima. Akasema maji yake ni moto kuliko yangu. Tukamwomba Perez apime. Yake yalizidi kwa digrii mbili. Ni kwa sababu ya zile lita hamsini.

Ijumaa, 13 Februari

Mawingu! Yalitoka upande wa Burnt Forest yakafunika kila kitu. Saa nne, hakuna jua. Saa sita, hakuna jua. Kipimajoto kikaanza kushuka. Perez alikuwa amelaza mikono yote miwili juu ya mayai.

Nikapanda paani. Sikujua nitafanya nini huko. Nikaanza kufuta kioo cha tangi kwa shati langu la kanisani, ili jua likija lisipoteze hata dakika. Nikatazama upande wa pili. Mwalimu Kimeli, mtu wa miaka sitini na mitano, yuko juu ya paa lake, anafuta cha kwake kwa koti.

"Litatoka?" nikamuuliza.

"Kaa kimya, ulifute," akasema.

Saa saba na robo wingu likapasuka. Jua likatupiga usoni. Niliweka mkono kwenye bomba la juu nikalisikia likipata moto, polepole, halafu kwa kasi. Kitu kiko mbali kiasi gani sijui, hakinijui jina, na kimekuja kupasha mayai ya Perez. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Nadhani alikuwa anasali. Mimi nilikuwa nasali.

Jumamosi, 14 Februari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yai la kwanza lilipasuka.

Ufa mdogo. Halafu tundu. Halafu mdomo, mdogo kuliko punje ya mchele, unagonga, unapumzika, unagonga. Tulikuwa tumejaa chumbani, watu tisa, hakuna aliyepumua. Kilipotoka kilikuwa kimelowa na kibaya kabisa, kikaanguka ubavu, kikapiga kelele kubwa kuliko mwili wake. Kufikia saa tano wamefika ishirini. Kufikia jioni, arobaini na watatu. Sijawahi kuona kitu kama hiki tangu nizaliwe. Nililia mbele ya Mwalimu na sikuona haya.

Nikamwambia Perez kuhusu mtamba. Nikasema nilimuuza vibaya na niliahidi vibaya. Akasema anajua. Akanipa kifaranga nikishike.

Halafu akaniapisha, mkono juu ya Biblia. Ofisi isijue. Wakisikia mayai yanaanguliwa hapa bila stima, alisema, watauliza hata zile ishirini ni za nini. Nikaapa kwamba sitaandika neno.

Jumapili, 15 Februari

Sikupata usingizi. Muujiza mkubwa hivi, ufichwe kama pombe ya chang'aa?

Nimelitafakari jambo hili ibada nzima. Meneja hakuiona kazi ya matangi kwa macho yake, ndiyo sababu aliikata nafuu. Alisikia barua tu. Mtu mpole vile, aliyelia kwa sababu ya methali, akiwaona hawa vifaranga atafanya nini? Atarudisha arobaini. Atatuongezea ziwe sitini! Na nimemwona Mwalimu akizungukazunguka kwenye boksi letu la vifaranga kwa macho ya mtu mwenye wazo. Lazima nimtangulie.

Kiapo nitakiheshimu. Niliapa kutoandika, na sitaandika. Nitaenda mwenyewe kwa miguu. Nimetandika pamba mfuko wa ndani wa koti, wanatosha vifaranga wawili, wenye afya zaidi. Perez amelala, maskini, amechoka.

Kesho saa mbili kamili nitakuwa mlangoni mwa Meneja. Nitaanza kwa kumshukuru.