Mkufunzi Aliyeletwa Wamagana

Kingori alikuwa kwenye andazi la pili, katika hoteli ndogo ya Ruring'u, aliposikia mtu wa meza ya nyuma akilia shida. Shida ya mtu mwingine, kwa Kingori, ilikuwa kama harufu ya nyama choma: alijua inatoka wapi bila kugeuka.

Mwenye shida alikuwa Waweru, mwenyekiti wa kiwanda cha kupoza maziwa kule Wamagana. Maziwa yao yalikuwa yanachacha kabla ya kumfikia mnunuzi, na mnunuzi amesema ati wafanyakazi wapewe mafunzo, la sivyo atatafuta maziwa kwingine.

"Na hao wa mafunzo wanaitisha pesa kama wananunua ng'ombe," Waweru alilalamika.

Kingori aligeuza kiti, chai mkononi. "Mwenyekiti, Mungu amekuonea huruma. Mimi ndio mkufunzi."

Wiki iliyopita alikuwa fundi wa sola, na kabla ya hapo aliuza dawa ya kuotesha nywele. Lakini tusimhukumu. Mtu akiwa na suti nzuri ya kahawia, lazima aipeleke mahali.

Walipatana upesi, kwa sababu Waweru alipenda bei ya chini kuliko alivyopenda kuuliza maswali. Kingori naye hakujali bei. Alichotaka ni barua. Kulikuwa na viwanda vingine kumi vya maziwa kuzunguka mlima mpaka Nanyuki, na Waweru alijuana na wakubwa wote. Barua moja ya sifa kutoka kwake, na Kingori angeula mlima mzima polepole, kipande kwa kipande.

Kujitayarisha, alisoma kidogo kwenye simu. Akakuta maneno haya: watu wazima wana ujuzi wao, mkufunzi asiwamwagie maneno, awaulize, wafundishane. Alirudia mara tatu, karibu atoe machozi. Kumbe kutojua kitu ni kazi ya watu waliosoma!

Siku ya mafunzo, wafanyakazi kumi na wanane walikalia kreti zilizopinduliwa. Mbele kabisa alikuwa Waithira, mpokeaji wa maziwa, buti nyeupe miguuni na daftari magotini.

"Shosho, karibu sana," Kingori alianza.

"Shosho ni nyanya yako. Mimi ni Waithira, na nimepokea maziwa hapa miaka ishirini na mbili. Haya mwalimu, tanki ni baridi. Maziwa inaharibika kwa nini?"

Kingori alifumba macho kama padri. "Hilo swali ni nzito. Nani atamsaidia?"

Watu walitazamana. Halafu Peterson, yule anayebeba mitungi kwa pikipiki, akakohoa. "Mimi naonanga ni mitungi. Watu wanaosha ndani, lakini ule mpira wa kifuniko hawatoi."

"Hawatoi kwa nini?" Waithira aliuliza.

"Hawatoi kwa nini?" Kingori akarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba swali lilikuwa lake tangu asubuhi.

"Wanaogopa utapotea. Ukipotea kifuniko inavuja, na mimi ndio natukanwa."

Waithira aliinuka, akaleta mtungi, akauchomoa ule mpira kwa mkia wa kijiko. Chini yake kulikuwa na utando wa kijani, na harufu iliyomrudisha Kingori nyuma hatua mbili. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Kila mtu alichomoa, akasugua, akarudisha. Wakabishana, wakachekana, wakaonyeshana. Waithira aliandika nani amesema nini. Kingori alisimama kando akisema "ndiyo, ndiyo," kama askari wa trafiki barabara ikiwa tupu.

Jioni aliwanunulia soda, kisha akagawa karatasi ya tathmini yenye sura tatu: inayocheka, iliyonyamaza na inayolia. Kumi na saba waliweka alama kwenye inayocheka. Peterson aliweka kwenye inayolia, maana soda yake ilikuwa moto.

"Mwenyekiti, umeona matokeo," Kingori alisema. "Sasa ile barua."

Waithira aliinua karatasi. "Hii inauliza kama tumefurahi. Hata harusini tunafurahi. Mbona haiulizi kama maziwa itafika bila kuharibika?"

Waweru aliona hapo njia ya kuchelewesha kitu, jambo alilolipenda sana. "Kweli. Tuangalie mwezi mmoja. Tanki ikikaa vizuri, barua nitaandika."

Mwezi ukapita. Mnunuzi hakurudisha maziwa hata mara moja. Kingori alirudi suti ikiwa imepigwa pasi, viatu vinang'aa mpaka vumbi la Wamagana likaona haya kuvikalia.

"Barua niliandika," Waweru alimwambia. "Nimetuma kwa viwanda vyote kumi."

"Mungu akubariki, mwenyekiti! Inasema nini?"

Waweru alivaa miwani, akafungua nakala. "Inasema Waithira na wenzake wafundishe huko pia. Nilisoma daftari yake. Kila kitu ya maana ilisemwa na wao."

"Na mimi?"

"Uko hapa chini." Waweru aliteremsha kidole mpaka mstari wa mwisho. "'Kingori alileta soda.'"

Kingori si mtu wa kukata tamaa mlima ukiwa bado umesimama. Alikimbilia Nanyuki, kwenye kiwanda cha maziwa ya ngamia cha Halimo, ili awahi kabla ya mtu yeyote.

"Mimi ndio niliongoza mafunzo ya Wamagana," alimwambia Halimo mlangoni.

"Aa, wa soda!" Halimo aligeuka, akaita ndani. "Mama Waithira, mtu wako amekuja!"

Waithira alitoka akijipangusa mikono. Kingori alimvuta kando. "Mama, wacha tugawane hii kazi. Wewe uko na mikono, mimi niko na mdomo."

"Mdomo tunahitaji," Waithira alikubali, naye Kingori akaanza kutabasamu. "Viwanda ni vingi na mimi sipendi kuongea na wakubwa. Lakini hapa hakuna mtu anafundisha kitu hajafanya mwenyewe, akaangaliwa na mwenye kazi. Chukua buti."

Buti zilimbana. Saa sita mchana, mikono ya suti imekunjwa hadi viwiko, Kingori alikuwa ameosha mitungi saba. Aliubeba wa saba kwa mikono miwili, akauweka mbele ya Halimo, akampa lile tabasamu lililouza dawa ya nywele kwa watu wenye vipara.

Halimo aliinama, akaingiza pua mtungini, akakaa hapo muda mrefu.

"Rudia," akasema.