Jiwe la Vitumbua na Barabara ya Serikali

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Demetria mke wangu,

Habari mbaya. Barabara ya serikali inafika hapa Mchangamdogo, na itapita juu ya jiwe lako. Lile ulilokalia kila asubuhi ukiuza vitumbua. Nyapara wa barabara, Kasiani, mtu wa Masasi, kanionyesha vigingi. Nikamwambia marehemu mke wangu alikuwa akilifuta kwa pindo la kanga kabla ya kukaa. Akanipa pole, akapigilia kigingi kingine.

Mie hukaa pale kila jioni, karibu na wewe. Nikakae wapi sasa?

Jumanne, 4 Septemba

Nimepata njia! Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anakuja Alhamisi kutazama mambo ya kale ya mji. Akiridhika kwamba kitu ni cha kale, barabara itakikwepa.

Shida ni Mwishehe, jirani yetu muuza kahawa. Ndiye huwaongoza wageni. Kazaliwa hapa, basi utadhani ule msikiti wa magofu kaujenga yeye. Nimemwomba aliingize jiwe kwenye ziara. Kacheka mpaka kamwaga kahawa. "Apolinari! Jiwe la vitumbua vya shemeji? Nyie watu wa Bukoba mmekuja juzi na kazi ya posta, leo mnataka na historia!"

Sawa. Historia nitaitunga mwenyewe.

Alhamisi, 6 Septemba

Ushindi! Bwana Shauri kaonyeshwa msikiti, mzinga wenye kutu, nguzo za forodha ya Mjerumani. Akaanza kupiga miayo. Nikajitokeza, kofia mkononi. Nikasema sharifu wa zamani sana alisali juu ya jiwe hili, na doa hili jeusi ni alama ya goti lake. (Ni mafuta yako, mke wangu. Nisamehe.)

Bwana akainama, akalinusa. Akasema linanukia nazi. Nikasema sharifu alipenda nazi.

Nikamtazama Mwishehe. Nikajua sasa ananiumbua. Lo! Akainua mikono juu, akasema hayo ni kweli tupu, na sharifu huyo ni babu yake mzaa baba.

Barabara itapindishwa!

Jumamosi, 8 Septemba

Jiwe limepona, lakini halikaliki. Akina mama wameleta ubani na marashi. Limefunikwa kitambaa cheupe. Mwishehe kajifanya mlinzi, kaweka kigoda chake na birika la kahawa pembeni. Nilipotaka kukaa akanifokea mbele za watu: "We Apolinari! Unamkalia babu yangu?"

Nikamnong'oneza kwamba anajua vizuri jiwe ni la nani. Naye akaninong'oneza kwamba anajua sana. Shemeji alikuwa akimpa vitumbua vilivyoungua, bure, miaka yote, kwa hiyo hapa hakanyagi mtu. Nivue viatu, nisimame.

Nikavua. Nikasimama. Mama mmoja akaniuliza sharifu anaponya nini. Nikasema njaa.

Jumatatu, 10 Septemba

Kasiani kaja na vigingi vipya. Barabara ikilikwepa jiwe, kona yake inaangukia nyuma ya nyumba yangu, katikati ya migomba. Migomba yote ya matoke! Kasiani kasema kwa upole kwamba kona ni ya sharifu, yeye hana neno.

Mwingine hapo angenyamaza. Mie nimevuta pumzi, nikamwambia asiguse hata jani, migomba hii ilipandwa na Wareno.

Kasiani kavua kofia. Kauliza kaburi la Mreno mwenyewe liko wapi. Swali zuri, sikuwa nimelifikiria. Nikamwonyesha banda la kuku.

Hakuna kitakachoharibika safari hii, nimepanga vizuri. Naacha kuandika, maana Mwishehe kashasikia, namwona anakuja huku mbio, kanzu kaishika mkononi. Nadhani ana babu Mreno.

Nawe huko uliko, mke wangu, unikumbuke.