Uyoga wa Silanga Umenivua Suruali

Wasee, leo nimevuliwa nguo na uyoga. Si utani. Niko kwa nyumba hapa mtaani Lindi, Nairobi, nimefunga mlango kwa kitasa na kwa kiti, na kama umeshaona video, tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kunitumia emoji za kucheka.

Wengi mnanijua kama Barasa fundi wa madirisha. Chenye hamjui ni kwamba tangu mwaka jana niko kwa kikundi cha watu wanaopiga picha za maua ya porini na uyoga. Ndiyo. Watu wazima. Jumamosi tunavaa gumboots tunaenda kupigia majani magoti.

Hawa watu nawadharau sana. (Mimi ni mmoja wao, lakini bado nawadharau.) Kuna Mzee Karanja, mwalimu mstaafu, ndiye kiongozi. Ana kizibao chenye mifuko mingi na mifuko yote haina kitu. Ana kamera yenye lenzi kama bomba la maji taka. Ua moja analizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, halafu anapiga picha moja, na hiyo moja inatoka na kidole chake. Kuna Achieng, wa saluni kule Kawangware. Yeye lazima awe ndani ya picha. Ukilitafuta ua, liko nyuma ya sikio lake.

Karanja alikuwa amesema amechoka kuongoza, na hicho kiti mimi nilikuwa nakitaka. Kwa hivyo nikapendekeza tuachane na bustani za matajiri, ambako kila ua lina kibao cha jina na soja anakuuliza unaenda wapi. "Kujeni Silanga, huku mtaani kwetu," nikawaambia. "Niwaonyeshe kazi."

Basi asubuhi tukafika kando ya Nairobi Dam. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kila kitu kimeoza vizuri. Wenzangu wakakimbilia wapi? Gugumaji. Ule mmea ambao umemeza bwawa lote mpaka mgeni anaweza kudhani ni uwanja wa mpira.

"Jameni, hiyo zambarau," Achieng akasema, akitafuta vile atalisogelea ua bila kutumbukia.

Nikamwangalia kwa huruma. Ni kama kumsifu mtu aliyekuibia kwa sababu ametokea na shati safi.

Hapo pembeni kulikuwa na akina mama wa kanisa, kanzu nyeupe, ngoma moja, wanaomba. Tukawapita kwa heshima, tukaingia nyuma ya shamba la nduma. Hapo ndipo nikaona. Gogo limeoza, na chini yake uyoga mdogo mdogo, mweupe, mwembamba mpaka mwanga unapita ndani yake.

"Mtu asisogee," nikasema, tayari na sauti ya kiongozi.

Karanja akasimama, akaangalia ardhi. "Barasa, angalia mahali unalala."

"Mzee, uyoga haupigwi picha mtu akiwa amesimama kama mlingoti. Tazama ujifunze."

"Nasema tu, naona kama kuna mstari mweusi hapo."

"Ni kivuli."

(Kivuli. Kilikuwa kinatembea.)

Nikalala kifudifudi, makalio hewani, simu kwa matope. Nikabana pumzi. "Tulia, mrembo," nikauambia uyoga. Mbele ya watu. Naongea na uyoga.

Siafu hawana haraka. Wakikufikia hawaumi. Wanapanda kwanza, wanajipanga, kila mmoja anachagua mahali pake, halafu ni kama wamepigiwa filimbi. Wa kwanza aliniuma nyuma ya goti. Nikavumilia, kwa ajili ya uongozi. Waliofuata waliuma mahali ambapo siwezi kuandika kwa sababu shangazi yangu anasoma huu ukurasa.

Nikaruka. Nikapiga teke hewani, nikajipiga makofi mapajani, nikazunguka. Kumbe wale akina mama walikuwa wananiona, na wakaamua nimepagawa. Ngoma ikaja mbio. Kila nikiruka, ngoma inaruka na mimi. Wakanizingira.

"Mama, ni siafu," nikalia.

"Amelitaja jina lake," mmoja akawaambia wenzake. "Wewe pepo Siafu, mwachie huyu kijana."

Nikavua suruali. Sikuwa na njia nyingine, mniamini. Nikavua mbele ya kanisa, mbele ya kikundi, mbele ya wanaume waliokuwa wanamwagilia sukuma wiki na ambao sasa walikuwa wamekaa chini kabisa watazame vizuri. Boksa yenyewe ni ya manjano, lastiki imelegea, naivaa siku ya kufua tu. Nikamwona Achieng ameinua simu. Tangu nimjue, ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa nyuma ya kamera.

Mama mmoja tu ndiye alikuwa na akili. Akanyamazisha ngoma, akaleta leso, akanizungushia kiunoni, akaishikilia kwa mkono mmoja huku ule mwingine unaning'oa siafu mgongoni.

"Pole, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Barasa."

"Barasa wa wapi?"

"Wa Lindi. Fundi wa madirisha."

Mkono ukasimama. "Yule wa Nekesa?"

Sasa hapa lazima niwaeleze. Nekesa ndiye msichana ninayetaka kuoa. Jumapili ijayo wazee wangu walikuwa wanipeleke kwao nikajitambulishe. Mama yake nimemwona kwa picha tu, amevaa kofia kubwa kwa harusi ya mtu. Na kwetu Bukusu, mtu na mama mkwe wake hata mkono hawasalimiani. Wakikutana njiani, mmoja anakaa kando mwingine apite. Sasa huyu wangu alikuwa ananitoa siafu.

Akaachilia leso kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Leso ikaanguka. Akanigeuzia mgongo, akajifunika kichwa, na wenzake wote wakageuka, mpaka wa ngoma. Nikabaki nimesimama na boksa mbele ya migongo myeupe.

Karanja akanipitishia suruali kwa ncha ya fimbo. "Nimeikung'uta," akasema, basi. Afadhali angecheka.

Uyoga niliukanyaga wote nikiruka, picha hakuna. Uongozi amepewa Achieng kabla hata hatujafika barabarani.

Nekesa amenipigia sasa hivi.

"Mama amerudi amelala. Hajala."

"Amesema nini?"

"Amesema wazee waje. Lakini mjomba anasema hilo jambo lisafishwe kwanza. Mlete kondoo."

"Kondoo wa nini?"

Nilimsikia akijizuia kucheka. "Wa boksa."

Kwa hivyo kabla hata ya kutaja mahari, ukoo wangu unatafuta kondoo wa boksa. Sikatazi mtu kucheka. Lakini atakayecheka achangie hata mguu mmoja.